Tone Ambalo Hakuna Aliyeniuliza

Kwako Salat, mwanangu wa kwanza,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa na hasira, na nimeona ni haki uarifiwe hilo mwanzoni, usije ukakutana nayo katikati ya maneno kama jiwe katika wali. Hasira hii si juu yako. Palikuwa na siku ilikuwa juu yako, na habari ya siku hiyo nitaifikia.

Swala ya alasiri imekwisha na jua limeanza kushuka upande wa Tana. Sina muda mrefu. Tangu ilipotoka amri ya kutotembea usiku, taa ikionekana dirishani huleta doria mlangoni, nami sitaki kukuandikia maneno haya huku buti zikinisubiri nje.

Utauliza kwa nini baba yako akuandikie kwa Kiswahili ilhali nyumbani hatusemi ila Kisomali. Sababu ya kwanza unaijua: lugha yetu tunaisema, hatuna maandishi yake tuliyoafikiana, na Kiarabu changu kinanitosha kwa msahafu tu. Sababu ya pili huijui. Kwa Kisomali ningekupigia kelele. Kiswahili nilijifunza nikiwa mtu mzima, neno baada ya neno, na mpaka leo kila neno nalichagua kabla ya kuliweka. Basi acha kinizuie.

Habari za blanketi, za chakula, za watu wa kukaa mbali nao huko Kenya (nawe utaniwia radhi nikisema Kenya kana kwamba ni nchi nyingine, maana ndivyo tusemavyo hapa kila mtu avukapo daraja), hizo zote mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Sitazirudia. Mimi nitakuandikia juu ya oili.

Unakwenda kufanya kazi katika gereji ya watu. Siku ya kwanza hawatakupa injini ya kufungua. Watakupa gari kuukuu linalovuja na kukuambia, kijana, tafuta linakovuja. Kazi hiyo hupewa mgeni kwa sababu ni chafu na haina sifa. Wewe unaijua kuliko mimi. Nimeandika sentensi hiyo, na nimeitazama kwa muda, na sitaifuta.

Mimi niliifanya kazi hiyo miaka miwili katika lori letu, na miaka miwili yote niliifanya vibaya. Nilikuwa nikilala chini ya gari, nikiona tone linaning'inia kwenye bakuli la oili, nami nikasema, hapa ndipo. Nikafungua bakuli, nikakata gasketi mpya kwa ngozi ya ngamia iliyochemshwa kwa shahamu, kwa kuwa gasketi za dukani hazikutufikia, nikafunga. Baada ya safari moja ya Wajir tone likarudi. Nikafungua tena, nikakata ngozi nene zaidi. Mara ya tatu nilikaza nati kwa hasira, nikatia bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, na mdomo wa bakuli ukapinda. Kuanzia siku hiyo oili iliyokuwa ikidondoka ikawa inatiririka. Nilimlaumu aliyeunda gari, nikalilaumu joto, nikamlaumu ngamia.

Sikuwahi kuinua macho. Oili huanguka, Salat. Pale unapoiona ni pale ilipochoka kutelemka, na feni ikiwa inazunguka huipeperusha nyuma mpaka ikalowesha mahali pasipo na kosa lolote. Haya wewe uliyajua kabla hujafundishwa. Nitasema ulivyoyajua. Kwanza sharti niseme habari ya karatasi, maana bila karatasi ile lori lingevuja mpaka leo na hakuna mtu angedhurika isipokuwa mchanga.

Unajua kwamba baba yako ni mtu wa barua. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya tanboi, msaidizi wa dereva, katika lori la dereva mmoja wa Lamu aitwaye Mzee Shee, na huyo hakuvumilia Kiswahili kibovu ndani ya gari lake. Nikisema neno vibaya alisimamisha lori, akanishusha, nikatembea hatua mia moja nyuma ya gari huku nikilirudia. Nilijifunza kusoma kwa maandishi ya madebe ya mafuta. Miaka ikapita, nikawa na lori langu mwenyewe, na watu wa Garissa, watu wanaokijua Kiswahili cha kuuzia mbuzi tu, wakaanza kunijia niwaandikie ofisini. Nikawaandikia habari za visima, za watoto waliozuiliwa, za ngamia waliochukuliwa. Nilikuwa na fahari. Mzee akiniambia kwa Kisomali, 'Waambie wanirudishie ngamia wangu,' mimi niliandika, 'Naja mbele ya hadhara yako tukufu nikiwa na unyenyekevu usio na kifani.' Mzee akiuliza nimeandika nini, nilimwambia nimeandika alivyosema.

Vita vya shifta vilipoanza, ofisi ikaamuru kila mwenye lori aandike kwa mkono wake hali ya gari, ndipo apewe cheti cha njia. Walitaka kujua mambo mawili: breki na magurudumu. Hayo tu. Mtu mwenye akili angeandika mstari mmoja akaenda kunywa chai. Mimi nilikaa chini asubuhi nzima. Nikaandika, na sentensi hii naijua kwa moyo kama niijuavyo Fatiha, Mungu anisamehe kwa kuzitaja pamoja: 'Nathibitisha kwa dhati ya nafsi yangu kwamba gari langu ni zima la mwili, breki zake ni madhubuti, magurudumu yake ni imara, wala halidondoshi hata tone moja la mafuta juu ya ardhi ya Serikali.'

Hakuna aliyeniuliza habari ya mafuta. Niliitia kwa sababu sentensi ilikuwa imeishia 'imara' na masikio yangu yaliona imekatika kabla ya wakati. Ndiyo sababu yote. Nilitaka iishe vizuri.

Siku nilipoiandika, mjomba wako Dahir alikuwa ameketi mlangoni akinifanyia mzaha. Unakumbuka alivyokuwa akiniita seedi, shemeji, kwa sauti ile ya mtu anayemwita mbuzi mkaidi. Nilimsomea, maana nilimsomea kila mtu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, 'Seedi, hata nikilewa jua nikapotea, nitageuka tu nyuma nifuate matone ya gari lako mpaka mlangoni kwa Habiba.' Habiba ni mama yako, naye aliyasikia hayo akiwa jikoni, akacheka pia. Mimi sikucheka. Nikamwambia maandishi ya ofisini si mambo ya mzaha.

Safari ile ilikuwa yangu. Mzigo ulikuwa sukari na majani ya chai, wa kwenda Wajir na kuendelea mpaka Tarbaj. Lakini asubuhi ile wazee watatu walikuja wakitaka barua ya kisima, na barua ya kisima ilinivutia kuliko usukani. Nikamwambia Dahir aende yeye. Hakukataa. Alichukua madebe mawili ya oili, maana alijua lori linavyokunywa, akachukua kirago chake, akaondoka. Misafara ya kulindwa na askari ilikuwa bado haijaanza. Mtu aliyekuwa na cheti alikwenda peke yake kwa saa alizopangiwa.

Yaliyotokea huko mimi sikuyaona. Aliyeyaona ni Mama Bisharo, muuza maziwa jirani yetu, aliyekuwa juu ya magunia akienda kwa binti yake Tarbaj. Yeye ndiye aliyerudi kunieleza, na alinieleza akiwa amesimama, amekataa kiti.

Alisema kwamba walipopita Wajir, injini ilianza kutoa moshi wa oili. Dahir akaiacha barabara, akalipeleka lori hatua kama mia nne penye mgunga wenye kivuli, akangoja injini ipoe, akamimina oili, akaswali, wakaendelea. Hakuja mtu, haukushushwa mfuko. Lakini mahali pale palikuwa na nyayo za ngamia, kama palivyo na nyayo za ngamia chini ya kila mgunga toka Tana mpaka Mandera. Doria ilipita baadaye. Wakaona matone yanaiacha barabara, wakayafuata moja moja, wakakuta doa jeusi chini ya mti na nyayo pembeni yake, wakasema hapa shifta wameshushiwa mzigo. Wakalikimbilia lori. Wakalipata Tarbaj.

Ofisa akamuuliza Dahir kwa nini aliiacha barabara. Dahir akajibu kwamba lori linavuja, alisimama kumimina oili. Ofisa akatoa mkobani nakala ya karatasi yangu, iliyokuwa imeambatishwa kwenye cheti, akaisoma mbele ya watu wote mpaka kwenye tone moja. Kisha akauliza, 'Mwenye gari ameapa halivuji. Sasa nani mwongo, wewe au yeye?'

'Na Dahir akasemaje?' nikamuuliza Mama Bisharo.

'Akanyamaza,' akasema. 'Alikuangalia wewe, Noor. Hukuwepo, lakini alikuangalia wewe. Akanyamaza.'

Nimemkasirikia Dahir kwa kimya hicho kuliko nilivyomkasirikia ofisa. Angesema! Angesema shemeji yangu ni mtu wa maneno mengi, karatasi ile ni urembo, nendeni mkamuulize. Aliona aibu kuniita mwongo mbele ya watu, mimi mume wa dada yake, akachagua kufungwa pingu. Ni adabu ya kwetu, na ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, ndiyo maana imenikaa kooni. Na yule ofisa naye, mtu aliyesafiri nchi nzima ya mchanga, asiyejua kwamba hakuna lori kuukuu lisilodondosha! Alijua. Karatasi ilimpa ruhusa ya kutojua. Ni mimi niliyempa karatasi.

Walimpeleka jela huko bara. Mvua za gu, za masika, zimenyesha mara mbili tangu hapo. Ngamia wake walihesabiwa kuwa ni wa shifta, wa waasi, wakaswagwa.

Lori walilirudisha baada ya siku arobaini. Sasa naifikia siku ile.

Wewe uliniomba ruhusa ya kutafuta panapovuja, nami nikakupa kwa dharau, nikasema fanya, labda wewe una macho ya ziada. Ulichukua mafuta ya taa na brashi, ukaiosha injini toka juu mpaka chini, ukaipangusa ikakauka kama sufuria ya sikukuu. Kisha ukaenda jikoni ukachukua bakuli la unga wa ngano. Mama yako akatoka nje nyuma yako. 'Watu hawana unga wa anjera,' akasema, 'na mwanangu anailisha injini.' Ukamwambia, 'Itakula kidogo tu, hooyo, kisha itasema ukweli.' Ukaupuliza unga ukaigeuza injini nyeupe yote. Ukaliwasha lori, ukaliacha lingurume mahali pamoja, ukachuchumaa ukitazama.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Mimi nilikuwa kivulini na karatasi zangu.

Ulitazama kwa muda mrefu. Kisha ukaniita, ukanionyesha mstari mweusi unatokea mbele, mwingine nyuma, mwingine chini ya kifuniko cha valvu, yote kwa wakati mmoja. Nikasema gasketi zote zimekufa. Ukasema, 'Aabo, hazifi zote siku moja. Ikivuja mahali pamoja, pana tundu. Ikivuja kila mahali, kuna kitu kimeiziba pumzi.' Ukauliza kwa nini kijiti cha kupimia oili kimefungwa kwa waya. Nikakujibu kwamba kilikuwa kikijitokeza chenyewe njiani, ndipo nikakifunga. Ulitikisa kichwa kama fundi mtu mzima anapoona ujinga wa mwenye gari, na kutikisa huko nilikuona.

Ukapanda ubavuni, ukashika lile bomba dogo la kupumulia linalotokea juu ya injini, ukaanza kuvuta kitu. Kikatoka kigumu kama ngozi kavu. Ukakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa bado na rangi ya hudhurungi na ule uzi mwekundu wa ukingo.

'Aabo,' ukasema, 'hiki si kilemba chako cha Idi?'

Kilikuwa kilemba changu cha Idi. Nilikichana mwenyewe, nikakifunga kwenye lile bomba mwanzoni mwa kiangazi kikali, vile sote tunavyojifunga pua na mdomo vumbi linapovuma njiani. Nilijiona mwerevu. Injini nayo ina pua, nikasema, na vumbi letu litaiua. Nikaifunga vizuri na kuisahau. Kitambaa kikanywa oili, oili ikashika vumbi, kikawa kizibo. Injini ikavuta moto ndani na pumzi yake haina pa kutokea, basi ikaisukuma oili kupitia kila mshono. Ikasukuma hata kijiti. Nami kila iliponiambia, niliikaza nati.

Mama Bisharo alikuwa ukingoni mwa ua na kibuyu chake. 'Noor,' akasema kwa sauti, 'kumbe umeivisha injini buibui, ndiyo maana ilikuwa ikilia.' Watu wakacheka. Si kicheko kibaya; watu walikuwa hawajacheka kwa muda.

Wewe hukucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Ulishuka, ukanisogezea kile kitambaa kwa mikono miwili kama unavyomkabidhi mtu kitu chake. Nami nilikunyang'anya nikakupiga nacho usoni mbele ya watu wote, nikasema umeijua injini lini wewe. Oili ilibaki shavuni mwako. Hukuifuta mpaka ulipomaliza kufunga kifuniko na kuzima gari.

Lori liliacha kuvuja wiki ile ile. Umebaki unyevu kidogo nyuma, wa sili iliyochoka, ambao uliniambia ni wa umri wake. Ulisema kweli.

Sasa nitakuambia nilichofanya na kile kitambaa. Nilikitia katika sanduku la barua zangu, chini kabisa. Nilijua siku hiyo hiyo maana yake. Kitambaa kilikuwa changu, uvujaji ulikuwa wangu, karatasi ilikuwa yangu, na Dahir alikuwa jela. Ilibaki jambo moja la kufanya: kwenda ofisini kusema niliandika uongo. Badala yake niliandika maombi. Niliandika maombi kumi na moja, Salat. Niliandika juu ya tabia njema ya Dahir, juu ya wazee wake, juu ya huruma ya Serikali iliyo kama mvua juu ya nchi kame. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosema gari lilivuja.

Ningeweza kukuambia niliogopa. Woga una heshima yake siku hizi, kila nyumba inao. Haikuwa woga. Sikutaka ile sentensi iwe ya uongo. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka kupeleka ombi la saba. Karani alinipokea siku ile kwa tabasamu, akaniambia, 'Mzee Noor, barua zako huwa tunazisoma kwa sauti hapa ofisini. Kiswahili hiki hata pwani hakipo tena.' Akamwita mwenzake aje anione. Mwenzake akakariri kipande, kile cha mvua juu ya nchi kame, wakatazamana wakatabasamu. Nami niliwashukuru! Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi. Ukaniuliza mlangoni, 'Wamesemaje kuhusu abti, mjomba wangu?' Nikakujibu, 'Wameisifu barua.'

Hukuniuliza tena tangu siku ile. Hukuniuliza kitu chochote. Ulipopata habari ya ile gereji, ulimwambia mama yako, na mama yako ndiye aliyeniambia.

Basi hasira yangu naigawa hivi, nawe uangalie kama nimeigawa kwa haki. Iko kwa yule ofisa, kwa kumfunga mtu kwa doa la oili. Iko kwa wale makarani, waliofanya kilio cha watu kuwa burudani yao ya saa nne. Iko kwa wale walioiziba nchi hii mdomo na pua kisha wakashangaa kwamba inatoka damu kila mshono. Na hapo nitakoma, kwa kuwa barua hii itapita mikononi mwa watu kwenye kizuizi. Nasema makusudi kwamba nakoma. Lakini hao wote nimewakasirikia mchana na nikala chakula changu. Yule ninayemkasirikia hata chakula hakipiti ni mtu aliyekaa asubuhi nzima akitafuta mwisho mzuri wa sentensi.

Jana nimeandika ombi la kumi na mbili. Nalinakili hapa lote:

'Mimi Noor, mwenye lori, niliandika kwamba gari langu halidondoshi oili. Nilijua linadondosha. Dahir aliiacha barabara kwa sababu ya oili, si kwa sababu nyingine. Alinyamaza ili nisiitwe mwongo. Mwongo ni mimi. Mwachilieni, mnichukue mimi.'

Nimemsomea mama yako. Akasikiliza akiwa na birika mkononi. Akasema, 'Hii ni fupi kuliko zote.' Kisha akasema, 'Ungeiandika siku ya kwanza, ndugu yangu angekuwa anakunywa chai hii.' Akammiminia mtu asiyekuwepo kikombe, akakiweka mbele yangu, akaenda zake. Nimekinywa.

Utajiuliza kwa nini sikulipeleka jana hiyo hiyo. Cheti chako cha kuvuka daraja kiligongwa muhuri Jumatatu. Mtoto wa mtu aliyekiri uongo huenda asivuke. Nimengoja wewe upite. Hiyo ni sababu ya siku hizi chache. Kipindi kilichotangulia hakina sababu, nami sitakutungia.

Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka kwenye kizuizi. Hatutazungumza juu ya haya, maana mbele ya askari mtu husema salama na mvua. Nitakupa mkono. Msafara ukishavuka na vumbi likatua upande wa pili, nitageuka niende ofisini. Karani atanyoosha mkono akitazamia maneno ya kumchekesha.

Wakinizuia, usirudi. Hilo silo shauri, ni ombi, na ni ombi la kwanza ninaloliandika bila kuinama. Lori utamwachia mama yako; Mama Bisharo amesema atampata dereva, na amesema pia kwamba yeyote atakayemleta atakaguliwa kilemba kwanza. Wasiponizuia, nami nikaendelea kuandikia watu, nitawaandikia walivyosema. Anayetaka ngamia wake ataandikiwa kwamba anataka ngamia wake.

Na huko gereji, wakikuletea gari linalovuja, utaliosha, utalipulizia unga, utachuchumaa na kutazama kama ulivyofanya. Hilo huhitaji kufundishwa. Nakuomba kitu kimoja tu zaidi. Mwenye gari atakuwa amesimama hapo. Huenda ni mtu mzima mwenye majivuno, na kosa litakuwa ni la mkono wake. Mwambie hata hivyo. Mwambie kama ulivyoniambia, kwa mikono miwili. Akikupiga, na iwe, lakini usiache kumwambia mwingine kwa sababu mimi nilikupiga.

Sikukuomba radhi siku ile wala siku zilizofuata. Nakuomba sasa, Salat. Ulikuwa na haki, na nilijua una haki kabla mkono wangu haujafika.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kile kilemba. Ni kigumu, kitakwaruza karatasi, uvumilie. Usikifue. Kingine kilichobaki nakwenda nacho kesho, nikiweke juu ya meza ya karani pamoja na zile sentensi sita, wakisome hicho nacho kwa sauti.

Maombi yangu yote kumi na moja niliyamalizia kwa kuandika kwamba mimi ni mtumishi mtiifu na mnyenyekevu wa aliyeandikiwa. Hii haina mwisho wa namna hiyo. Jua limegusa miti ya mtoni na sioni vizuri nilipoandika.

Gari lilikuwa linavuja.

Baba yako,
Noor